Farasi akichechemea, mtoto ndiye hulaumiwa

Mtoto wa miaka kumi anazunguka uwanja akiwa juu ya farasi. Kila baada ya hatua chache tandiko linateleza kidogo kuelekea kulia, naye anajisukuma kurudi katikati. “Kaa wima! Mbona unaegemea upande mmoja?” mwalimu anapaza sauti. Farasi akitakiwa aongeze mwendo, analaza masikio nyuma, anapiga mkia huku na huku na kusitasita. “Mguse na fimbo, anakujaribu huyo!” Nje ya ua mama yake amenyanyua simu akirekodi, na wakiwa njiani kurudi nyumbani anamwongezea mtoto somo la pili, la kusikiliza anachoambiwa.

Wapo wazazi Nairobi na Arusha ambao siku hizi huwapeleka watoto kupanda farasi wikendi kama wengine wanavyowapeleka kuogelea. Oman na nchi jirani za Ghuba, ambako familia nyingi za pwani zina ndugu, farasi ni fahari ya nyumba. Lamu nako mtoto anaweza kujua kumpanda punda kabla hajajua baiskeli. Mnyama akienda vibaya, aliye mgongoni ndiye husahihishwa kwanza. Miguu, mgongo na kinywa cha mnyama huangaliwa mwisho, au haviangaliwi kabisa. Mpangilio huo umekaa kichwa chini miguu juu.

Daktari wa farasi wa Uingereza, Sue Dyson, na mwenzake Line Greve waliwachunguza farasi 506 waliokuwa wakipandwa katika michezo mbalimbali. Wenye farasi hao waliamini wanyama wao ni wazima. Karibu nusu walikutwa wakichechemea au wakienda kwa namna inayoashiria maumivu. Hawa hawakuwa farasi waliotelekezwa. Walikuwa wakipandwa mbele ya macho ya watu wanaowapenda na wanaowalipia chakula na matibabu.

Wawili hao walichunguza pia suala la tandiko linaloteleza. Kwa farasi wengi waliokuwa na maumivu ya mguu wa nyuma, tandiko lilihama upande mmoja, mara nyingi upande wa mguu unaouma zaidi. Farasi alipochomwa sindano ya ganzi mahali penye maumivu, aliacha kuchechemea, na karibu katika kila farasi tandiko nalo likatulia. Mpandaji alikuwa yule yule na tandiko lile lile. Kwa hiyo mtoto anayeambiwa “kaa wima” kila Jumamosi huenda anakaa wima kadiri awezavyo, ila yuko juu ya mgongo unaomsukuma pembeni.

Kichwa hutaja mguu unaouma

Mzazi hahitaji kuwa daktari ili aone mambo ya kwanza. Mwendo unaofichua zaidi ni ule wa mchakamchaka, ulio kati ya kutembea na kukimbia. Hapo miguu huenda kwa jozi za mkingamo: wa mbele kulia pamoja na wa nyuma kushoto, kisha jozi nyingine. Kila jozi hugonga ardhi mara moja, kwa hiyo kwenye lami au saruji husikika mapigo mawili yanayolingana, moja-mbili, moja-mbili. Pigo moja likiwa zito na la pili jepesi, au moja likichelewa, sikio hulishika haraka, kama linavyoshika mpiga ngoma aliyetoka nje ya mdundo.

Kisha kitazamwe kichwa. Farasi anayeumwa mguu wa mbele hukiinua kichwa pale mguu ule unapogusa ardhi, na hukiinamisha anapokanyaga mguu mzima. Anafanya anachofanya mtu aliyekanyaga mwiba: anahamisha uzito. Na uzito wenyewe si mchezo. Farasi wa kilo 500 akiwa amesimama tu, miguu ya mbele hubeba karibu asilimia 60, yaani kilo 300 hivi, kabla hata mtoto hajapanda.

Mguu wa nyuma ni mgumu zaidi kuugundua. Mtu asimame nyuma, mbali na teke, atazame mifupa miwili ya nyonga mnyama anapoondoka. Upande mmoja ukipanda na kushuka kuliko mwingine, kuna jambo. Dalili nyingine ni ncha ya kwato inayoburura mchanga. Simu iliyo mkononi mwa mzazi ni chombo kizuri hapa. Nyingi zina uwezo wa kurekodi na kuonyesha picha polepole, na sekunde ishirini za video kutoka nyuma, ishirini kutoka ubavuni, zitamsaidia daktari kuliko maelezo ya nusu saa.

Tatizo ni kwamba maumivu mengine hujificha. Yapo yanayoonekana kwenye ardhi ngumu tu, hasa ya kwato na viungo. Mengine huonekana kwenye mchanga mzito, ambako kano hufanya kazi zaidi. Mengine hujitokeza mnyama anapozungushwa kwenye duara, upande mmoja na si wa pili. Na yapo yasiyoonekana kabisa mpaka mtu apande. Farasi anaweza kukimbia vizuri malishoni, akaonekana mzima akiongozwa kwa kamba, kisha akabadilika pale tandiko linapofungwa na uzito unapokaa mgongoni. Watu husema huo ni ujeuri, maana “mbona asubuhi alikuwa sawa?” Asubuhi alikuwa hajabeba kitu.

Katika mbio za masafa marefu, mchezo unaopendwa sana Oman na Falme za Kiarabu, kanuni zimelizingatia jambo hili kwa muda mrefu. Njiani kuna vituo ambako farasi hupimwa mapigo ya moyo, ambayo kwa kawaida hutakiwa yawe yameshuka hadi 64 kwa dakika au chini ya hapo, kisha huongozwa mchakamchaka mbele ya madaktari, kwenda na kurudi. Mwendo ukikosa ulinganifu, safari imeishia hapo hata kama mpandaji anaongoza. Mwendo usio sawa ni miongoni mwa sababu kubwa za farasi kuondolewa katika mbio hizo. Ni ajabu kidogo kwamba farasi wa mashindano hukaguliwa hivyo mara kadhaa kwa siku, na farasi anayebebeshwa watoto sita Jumamosi moja huenda hajakaguliwa mwaka mzima.

Maumivu huanzia wapi?

Mafundi wa zamani husema waanze chini, na wako sahihi. Maumivu mengi ya mguu wa mbele hutoka kwenye kwato. Kwato kwa nje ni ngumu kama pembe, lakini ndani kuna nyama, mishipa ya damu na mfupa, vyote vimebanwa katika nafasi ndogo isiyoweza kuvimba. Kwa hiyo jipu dogo ndani yake huuma vibaya sana. Farasi aliyelala salama huamka hataki hata kugusa ardhi kwa mguu mmoja, na wenye banda hudhani amevunjika. Daktari au fundi wa kwato hukwangua sehemu, usaha ukatoka, na mara nyingi ndani ya siku chache mnyama anatembea. Majipu ya aina hii huja zaidi pale ardhi kavu inapogeuka matope, kwa sababu kwato hulainika na uchafu ukapata njia. Wenye farasi huku kwetu wanayajua kutokana na msimu wa masika.

Zipo pia kokoto zinazochubua nyayo, misumari ya kiatu cha chuma iliyopigwa karibu mno na nyama, na kwato zilizoachwa zikarefuka. Kwato huota kama kucha. Kwa kawaida zinahitaji kukatwa kila baada ya wiki sita hadi nane. Zikipita hapo, mnyama hukanyaga kwa pembe isiyo yake, na kano na viungo vya juu ndivyo vinavyolipa.

Msumari wa barabarani ulioingia kwato una hatari ya ziada. Kiswahili kina neno pepopunda, na kweli farasi na punda ni miongoni mwa wanyama wanaodhurika haraka mno na sumu ya ugonjwa huo. Vijidudu vyake huishi udongoni na kwenye samadi, yaani pale pale watoto wanapofagia na kuanguka. Mtoto mchanga hupewa kinga hiyo ndani ya chanjo ya pamoja akiwa na wiki 6, 10 na 14, lakini kinga hupungua kadiri miaka inavyokwenda. Mzazi ambaye mtoto wake anaanza kwenda banda la farasi aulize kliniki kuhusu dozi ya kuongeza nguvu. Hili ni la mtoto, si la farasi, ila zizi ni moja.

Kuna pia uvimbe wa ndani wa kwato unaoshika miguu yote miwili ya mbele kwa pamoja, mara nyingi kwa mnyama aliyenenepa au aliyevunja ghala akala nafaka nyingi. Huyu hachechemei waziwazi kwa sababu hana mguu mzuri wa kuegemea. Anatembea hatua fupi kama anayekanyaga makaa, na akisimama huegemea nyuma. Kwato huwa na joto, na mapigo ya damu juu yake hupiga kwa nguvu kuliko kawaida. Hiyo ni dharura. Daktari aitwe siku hiyo hiyo.

Juu ya kwato kuna kano na viungo. Hapa historia ya mnyama inasema mengi. Farasi wengi wa mashule ya kupanda nchini Kenya waliwahi kuwa wa mashindano ya mbio. Wanaanza mbio wakiwa wadogo, miaka miwili au mitatu, na wengine hustaafu wakiwa na kano zilizowahi kupasuka au viungo vilivyoanza kulika. Si kwamba hawafai kwa watoto. Wengi ni wapole na wanaijua kazi. Lakini mguu uliowahi kuumia hukumbusha, hasa baridi ya Julai au baada ya siku ndefu. Kiungo cha nyuma kinachofanana na kisigino ndicho hupata yabisi mara nyingi, na dalili yake huwa ndogo: anaanza somo akiwa mkavu, anapashika joto, anaonekana kupona. Mwalimu huridhika, somo linaendelea, na Jumamosi ijayo inaanza vile vile.

Mgongo na tandiko vinastahili muda zaidi kuliko vinavyopewa. Tandiko ni kama kiatu. Likiwa jembamba mno hubana pande zote mbili za uti wa mgongo, likiwa pana mno hukaa juu ya mfupa wenyewe. Shule yenye farasi wanane na matandiko matano hubadilishana, na kila mmoja huvaa kiatu cha mwenzake. Ishara zake zinaonekana kwa macho: mabaka ya nywele nyeupe pale shingo inapokutana na mgongo, mahali ambapo ngozi iliwahi kubanwa hadi nywele zikapoteza rangi. Mnyama mwingine hunywea mgongo anapopapaswa, au hujaribu kuuma mkanda unapofungwa. Wakati mwingine mifupa ya uti wa mgongo yenyewe imekaribiana na kusuguana, jambo ambalo picha ya eksirei ndiyo huthibitisha.

Hata kinywa kinaweza kuharibu mwendo. Meno ya farasi huendelea kuchomoza kwa miaka mingi huku yakisagika, na kingo zikiwa kali hukata shavu pale lijamu inapovutwa. Mnyama huinamisha kichwa upande, shingo inapinda, na hatua zinafuata shingo. Meno yaangaliwe angalau mara moja kwa mwaka.

Si kila mwendo usio sawa ni maumivu, na ni haki kulisema hilo. Farasi, kama binadamu, hana pande mbili zilizo sawa kabisa. Siku hizi kuna vipimo vinavyobandikwa kichwani na nyongani vinavyohesabu tofauti kwa milimita, na vimewapata farasi wengi wasio sawa ambao pengine hawaumwi popote. Madaktari wenyewe hawajakubaliana mpaka uwekwe wapi. Lakini mabishano hayo ni ya milimita. Kichwa kinachopanda na kushuka hadi mtoto wa darasa la nne anakiona hakimo ndani yake.

Na aliye mgongoni je?

Wakati mwingine mwalimu huwa sahihi: tatizo limekaa juu. Kikuku kimoja cha tandiko kikiwa kimerefuka kuliko kingine, mguu mmoja wa mtoto hukanyaga chini zaidi na makalio yote huhama. Ngozi inayoshikilia vikuku hunyooka kwa miaka, hasa ya upande wa kushoto ambako watu wengi hupandia. Dawa yake ni futi ya mshonaji.

Kuna pia jambo la kuinuka na kukaa. Katika mchakamchaka mpandaji hufundishwa kuinuka pigo moja na kukaa pigo la pili. Kila anapokaa, uzito wake unaangukia jozi moja ya miguu. Watafiti waliopima wamekuta kwamba kuinuka na kukaa peke yake kunaweza kumfanya farasi mzima aende kana kwamba anachechemea kidogo mguu wa nyuma. Mpandaji akibadili pigo, tofauti nayo inahamia upande wa pili. Kwa hiyo mtoto akae mara kwa pigo hili, mara kwa lile. Anayekaa upande ule ule kila siku anamchosha mnyama upande mmoja, kama mtu anayebeba ndoo kwa mkono ule ule mwaka mzima.

Mwili wa mtoto nao una habari zake. Umri wa miaka 10 hadi 15, wakati wa kurefuka haraka, ndio umri ambao uti wa mgongo uliopinda hujitokeza zaidi, na wasichana hupata upinde unaohitaji matibabu kuliko wavulana. Mwalimu wa farasi anaweza kuwa mtu wa kwanza kuuona, kwa sababu yeye humtazama mtoto kutoka nyuma kwa saa nzima. Nyumbani mzazi amwambie mtoto asimame, afunge miguu pamoja, ainame mbele mikono ikining'inia. Upande mmoja wa mbavu ukionekana juu kuliko wa pili, aende kwa daktari wa watoto. Mara nyingi si jambo la kutisha, lakini mtoto akiwa bado anakua ndipo kuna nafasi zaidi ya kuzuia upinde usiongezeke.

Je, kosa ni la mtoto au la mnyama? Njia rahisi ni kubadilishana. Mpandaji mwingine mwenye uzoefu apande farasi yule yule. Tandiko likiteleza upande ule ule, mtoto hana hatia. Likitulia, na mtoto akahama upande huo huo hata kwenye farasi wa pili, basi aangaliwe mtoto.

Uzito pia ni suala, na hapa wa kuangaliwa ni baba na mama. Kipimo kinachotumiwa na wengi ni kwamba mpandaji pamoja na tandiko wasizidi asilimia 20 ya uzito wa mnyama, na wengine hushauri pungufu. Farasi mdogo wa watoto mwenye kilo 250 anafikia mpaka wake kwa kilo 50, tandiko likiwemo. Katika jaribio dogo la Uingereza lililochapishwa 2019, farasi sita walipandwa na watu wanne wa uzito tofauti. Majaribio ya wale wawili wazito zaidi yalikatizwa mapema, karibu yote kwa sababu farasi walianza kuchechemea kwa muda. Baba wa kilo 90 anayetaka picha ya Facebook juu ya farasi wa mwanawe asimame pembeni yake tu.

Ishara zinazotangulia kuanguka

Dyson na wenzake waliorodhesha tabia 24 za farasi anayepandwa. Miongoni mwake ni masikio kulazwa nyuma kwa sekunde tano au zaidi, macho kukazwa mahali pamoja, kinywa kufunguka na kufungwa, ulimi kutoka nje, mkia kupigwa mara kwa mara, kichwa kuinamishwa upande, lijamu kuvutwa ikatokeza upande mmoja, kujikwaa, kukataa kwenda mbele, kurusha mateke na kusimama kwa miguu ya nyuma. Moja au mbili zinaweza kuonekana kwa farasi yeyote. Zikifika nane au zaidi, uwezekano ni mkubwa kwamba mnyama ana maumivu ya mifupa, misuli au viungo.

Mzazi akiisoma orodha hiyo ataona kwamba ndiyo ile ile ambayo uwanjani huitwa ukaidi, uvivu au kujaribiwa. Ataona pia kwamba inaanza na sikio na kuishia na mateke. Farasi hutoa taarifa kwa sauti ya chini kwanza. Mtoto akifundishwa kujibu sikio lililolazwa kwa fimbo, kinachobaki kwa mnyama ni kumtupa, na mtoto huanguka kutoka urefu wa zaidi ya mita moja na nusu. Kofia ngumu hulinda kichwa. Haizuii mkono kuvunjika.

Punda ni mgumu zaidi kusomeka, kwa sababu huficha maumivu kuliko farasi. Wanaowajua punda wa Lamu, waliobeba mchanga na mawe kwa shogi vizazi na vizazi, husema punda aliyesimama kimya kupita kawaida tayari anaumwa. Mjini huko kuna kliniki ya hisani ya punda tangu miaka ya 1980, na matibabu ni bure. Mtoto anayempanda punda wa mjomba wake anaweza kumpeleka.

Swali jingine la kuuliza ni la dawa. Farasi anayeonekana mzima Jumamosi huenda amepewa dawa ya maumivu Ijumaa. Fenilbutazoni ndiyo hutumika sana. Ni dawa halali chini ya daktari, na mzee mwenye yabisi hafifu anaweza kuishi vizuri nayo. Lakini dawa inayotolewa ili kipindi cha watoto kisikose farasi inazima taarifa tu, na mguu unaendelea kuharibika. Unga wake pia haufai kuguswa na watoto. Iliwahi kutumika kwa binadamu, ikaja kuachwa au kubanwa katika nchi nyingi kwa sababu inaweza kuharibu uboho unaotengeneza damu. Mtoto asitumwe kuichanganya kwenye pumba.

Linabaki suala la namna ya kumwambia mwalimu, na wazazi wengi hukwama hapo, kwa heshima au kwa hofu ya kuonekana wajuaji. Maneno machache yanatosha: “Mwalimu, samahani, naomba kabla ya kuanza tumwone farasi akienda mchakamchaka bila mtoto, kwenye ardhi ngumu, halafu kwenye duara pande zote mbili.” Saisi anayewapiga brashi farasi kila alfajiri naye aulizwe, kwa adabu na kando ya bosi wake, maana mara nyingi ndiye aliyejua wiki mbili kabla ya wote.

Mwalimu anayeijua kazi yake halichukii ombi hilo. Farasi akionekana hayuko sawa, atabadilishwa au atapumzishwa mpaka daktari wa mifugo amwone. Ikiwa hakuna farasi mwingine siku hiyo, saa ya mtoto haipotei: atafundishwa kuinua kwato na kuzisafisha, kuhisi kama moja ina joto kuliko nyingine, na kutafuta kwa vidole mapigo ya damu juu ya kwato. Saa hiyo ilishalipiwa.